Ulimi wa Mzee

Kwenye kiwanja kimoja cha simenti upande wa Raskazone, jijini Tanga, karani wa makamo hupelekeshwa kila Jumamosi jioni na mzee mstaafu mwenye goti bovu. Mzee hakimbii. Hujikokota hadi pale mpira utakapodunda, akausubiri, kisha akaurudisha kule karani alikotoka sasa hivi.

Karani, mtu wa kusoma, aliingia mtandaoni kutafuta dawa. Kumbe kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77 tu, na mpira ulioanzishwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa hukivuka kwa kama nusu sekunde. Anayengoja kuona unakoelekea ndipo aondoke, huondoka kwenda kuuokota. Wajuzi husoma mwili: bega limegeuka kiasi gani, mpira umerushwa upande upi wa kichwa, uso wa raketi umefunuka au umelala. Na mpinzani anapokaribia kupiga, hujirusha kidogo wakatua kwa miguu yote miwili, tayari kuchomoka kokote.

Mruko huo karani akaufanyia mazoezi kituo cha daladala, watu wakamwachia nafasi. Mtaani Ngamiani alijaribu kumsoma dereva wa bodaboda: taa ya kushoto inawaka, basi anakata kushoto. Taa ile ilikuwa ikiwaka tangu asubuhi. Bodaboda akakata kulia, karani akatua juu ya ndoo ya muuza pweza na kulipia mchuzi wote.

Uwanjani hali haikuwa nafuu. Maelezo ya mtandaoni hayakutaja upepo wa kusi, ambao ukishika kasi husogeza mpira uliorushwa juu. Kwa wiki kadhaa karani alikuwa akiusoma upepo, si mzee.

Ndipo akakutana na kisa cha mchezaji tenisi Andre Agassi. Mmarekani huyo alifungwa na Mjerumani Boris Becker mara 3 za mwanzo walizokutana. Akakaa kutazama kanda, akagundua kwamba Becker, kabla ya kurusha mpira, hutoa ulimi. Akianzishia upande wa kulia, ulimi ukikaa katikati ya mdomo, mpira unakuja katikati au mwilini; ukienda kwenye kona ya mdomo, mpira unakwenda pembeni. Katika mechi 11 zilizofuata Agassi alishinda 10. Kazi ngumu, alikuja kusema, ilikuwa kujizuia asiitumie siri hiyo ovyo, Becker akashtuka. Alimwambia walipokwisha kustaafu.

Karani hakuwa na subira hiyo. Alimsimulia mzee siku hiyohiyo, kwa furaha, huku wakinywa maji ya dafu.

Jumamosi iliyofuata mzee alisimama kuanzisha, akatoa ulimi kushoto. Karani akaruka kushoto. Mpira ukapita kulia. Ulimi kulia, mpira katikati. Ulimi ukakaa ndani, karani akaganda kabisa.

"Sasa mzee, mimi unanisomaje?" aliuliza akihema.

Mzee, ambaye amezeekea kwenye baraza za bao, akiangalia mikono ya watu juu ya kete 64, alishangaa kuulizwa. "Mwanangu, wewe kabla hujapiga unapatazama pale unapotaka kupiga. Tena unapatazama sana."

Seti iliisha 6-1. Karani akadai kwamba ile gemu moja aliipata kwa kusoma.

"Ile," mzee akamkatiza, akikanda goti, "nilikuwa nimepigiwa simu."