Mhadhara wa Alimu wa Ndoana juu ya Kumwachilia Samaki

Hadhirina watukufu, mliokuja kwa kiu ya elimu na mliokuja kwa kuwa baraza hili lina kivuli: kwa kuwa hakupatikana mtu wa kunitambulisha, niwieni radhi nikijitambulisha mwenyewe, kwamba mbele yenu amesimama alimu wa mshipi na mfasiri wa tabia za samaki, ambaye elimu yake, kwa fadhila za Mola, hakuichukua kwa mwalimu yeyote. Mas'ala yetu ni haya: mtu aliyekwenda baharini kwa burudani, leseni yake mfukoni, akavua samaki aliye halali kwa sheria na kwa kipimo, je, amrudishe majini au ampeleke jikoni?

Nawaona wavuvi wa Malindi na Watamu wakicheka hata kushika mbavu. Nawasamehe. Alipokuja Ernest Hemingway kuvua Malindi mwaka 1934, samaki mkubwa alikuwa nyara ya kupigiwa picha. Leo sulisuli, yule mwenye tanga mgongoni, hupachikwa alama yenye nambari akaachwa aende zake, ili akinaswa tena ijulikane alikotembea. Lakini huko Uswisi ni marufuku mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumwachilia samaki, kwa hoja kwamba kumtaabisha kiumbe usiyemhitaji ni dhuluma. Basi anayeitwa mwungwana Watamu, Uswisi ni mkosaji! Maulamaa wakihitilafiana hivi, umma hauna pa kukimbilia ila kwangu.

Nami nahukumu: aachiliwe. Dalili yangu ni chewa mmoja niliyempandisha kutoka pima thelathini, nikamshika matamvua huku nikimsomea maneno machache ya kumuaga, kisha nikamrudisha baharini. Naye, kwa adabu nisiyoitarajia kwa samaki, hakukimbia. Alilala juu ya maji, tumbo juu, macho yamemtoka kwa shukrani, akanitolea ulimi mwekundu kwa salamu. Nahodha wangu, ambaye hana hata cheti kimoja, akadai kwamba ule si ulimi bali ni tumbo. Eti samaki wa kilindini akivutwa juu kwa haraka, kibofu chake cha hewa huvimba hata kikalisukuma tumbo nje ya kinywa, asiweze tena kuzama, na kwamba anayetaka kumwachilia hana budi amteremshe kwa mshipi wenye chubwi nzito hata arudi kwenye kina chake, au asitie ndoana pale kabisa. Nilimnyamazisha. Tangu lini elimu ikatoka kwenye usukani?

Nyuma yetu ulikuja mtumbwi, mzee na mjukuu wake, wakamwokota chewa wangu kwa mkono mtupu, bila ndoana, bila chambo. Nikawapigia kelele kwamba yule samaki ni huru. Mzee akaniinamia kwa heshima: "Ahsante sana, bwana mkubwa. Na kesho utawaachilia wapi?"

Jioni ile mke wangu aliandaa chewa wa kupaka, aliyemnunua dikoni kwa mzee mmoja, mdomoni ana tundu la ndoana. Nilimla hata nikalamba vidole, wala hapana mgongano wowote hapo, kwani huyo hakuwa samaki wa kuvua bali samaki wa kununua, na hukumu ya samaki wa kununua haimo katika mhadhara huu.