Intaneti ya Bi Mkubwa

Katika nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe, intaneti ina umri wa miaka sabini na kitu, ina ugonjwa wa sukari, na kila baada ya Alasiri hutoka ikaenda kukaa barazani. Ni mama yangu, Bi Mkubwa. Kaka aliyeko Muscat alimletea simu iliyo bora kuliko zetu zote tukizijumlisha, na kila mwanzo wa mwezi humtumia pesa ya bando kubwa ili aone picha za wajukuu wa kule. Sisi wengine twajikongoja na vifurushi vya siku, vile vinavyokatika saa ishirini na nne zikitimia, umetumia hukutumia. Kwa hiyo binti yetu alipomaliza kidato cha sita, akapewa laptopu iliyotumika na mjomba wake, na siku za kuomba chuo zikafika, njia ya kwendea mtandaoni ilikuwa moja tu, nayo ilipita ndani ya mkoba wa bibi yake.

Fundi wa simu wa Darajani ndiye aliyekuja kumfahamisha. "Ukiwasha hapa, Bi Mkubwa, simu yako inapokea mtandao kutoka mnarani, kisha inaurusha kwa Wi-Fi, laptopu ya mjukuu wako inaudaka." Hakuna kifaa cha kununua, akasema, simu za Android zina uwezo huo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza lile ambalo watu wa kampuni za simu hawapendi kuulizwa.

"Na bando lakatika la nani?"

"Lako, Bi Mkubwa."

"Ahaa. Basi mnara ni mie."

Likaja suala la neno la siri. Akataka liwe jina la marehemu mzee wetu. Simu ikalikataa, maana ulinzi wa Wi-Fi huo haukubali neno lisilofika herufi nane, na jina la baba lina tano. "Nimekaa na mume miaka yote ile, leo kidude hiki kinaniambia hatoshi?" Fundi, kijana mwenye adabu zake, akashauri mwaka wa harusi uongezwe mwishoni. Simu ikaridhika, Bi Mkubwa akaridhika nusu.

Kuanzia hapo serikali ya nyumba ikahamia ghorofa ya chini. Anayetaka mtandao aliteremka ngazi, akatoa shikamoo, akaulizwa kama vyombo vimeoshwa. Kama vimeoshwa, alitungiwa kazi nyengine: kupachika uzi kwenye sindano, kusoma kipimo cha sukari, kwenda kwa Mamdogo Malindi kuuliza hali. Ndipo kidole cha Bi Mkubwa kiliposogea, taratibu, kuwasha hotspoti. Mama watoto, ambaye kwa miaka amekuwa akipiga kelele kuhusu vyombo hivyohivyo, alinyamaza akatazama kazi inavyofanyika. Mimi mwenyewe nilikunja nguo nisizozijua za nani ili nisome barua pepe ya ofisini.

Mwanya ulipatikana kwa mtoto mdogo. Mvulana wetu wa mwisho, aliyelijua neno la siri kwa kumsomea bibi yake, alianza kuonekana midomo myekundu kwa ubuyu kila jioni, na hakuna aliyempa pesa ya ubuyu. Siku moja Bi Mkubwa akafungua ule ukurasa wa simu unaoorodhesha vifaa vilivyojiunga, akamwita binti yetu amsomee. Laptopu ikatajwa, simu yangu ikatajwa, kisha likafuata jina ambalo si la mtu wa humu: Chelsea Damu. Bi Mkubwa akavaa buibui, akatoka barazani walipokuwa wanaume wanacheza bao.

"Hapa nani Chelsea Damu?"

Kete zikasimama. Mwisho akainuka mtu mzima, muuza samaki wa pale Malindi, mwenye watoto wakubwa. "Mie, Bi Mkubwa. Unisamehe." Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana kwamba hakumgombeza. Alimuuliza tu leo changu wamepandaje bei. Siku ya Ijumaa tukala changu wa kupaka, na Chelsea Damu akabaki kwenye orodha.

Kesi kubwa zaidi ilifunguliwa na laptopu. Bi Mkubwa aliamka Alfajiri akakuta ujumbe kwamba bando limekwisha, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Tukakusanywa ukumbini kabla ya chai. Binti yetu akaapa kwamba alikuwa amelala, na kweli alikuwa amelala. Aliyekuwa macho ni mashine yake. Laptopu ikiona Wi-Fi haijui kama nyuma yake kuna waya wa ofisi au simu ya bibi wa watu. Kwake yote ni Wi-Fi, na Wi-Fi huidhania haina mwisho. Basi usiku kucha ilishusha masasisho ya mfumo wake, gigabaiti juu ya gigabaiti, na ilipomaliza ikapandisha picha za sherehe ya shule kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fundi akaja tena, akafungua mipangilio ya laptopu, akaonyesha mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu hupimwa na kulipiwa. Ikishaambiwa hivyo, masasisho mazito husubiri. Alizima na zile programu zinazojipandishia mafaili kimyakimya. Bi Mkubwa hakutosheka na mipangilio. Toka siku hiyo hotspoti ilizimwa kila alipokwenda kulala na laptopu ikalala kabatini kwake, pamoja na kanga mpya.

Jambo lililobaki lilikuwa nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba kwenye madirisha yetu mtoto hukaa kitako akala chakula chake. Zilijengwa kuzuia joto, na Wi-Fi nayo zinaizuia. Simu ilirusha kwenye bendi ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini haipendi kuta. Ikarudishwa kwenye 2.4, inayokwenda mbali zaidi, ikafika mpaka kwenye ngazi na kuishia hapo. Na hata ingefika juu, ingefika na nini? Hotspoti haizalishi mtandao, hugawa ule ambao simu imeupata, na simu ikiwa chumbani kwa Bi Mkubwa ilikuwa na kijiti kimoja tu cha 4G. Ikabidi simu ipandishwe ghorofa ya pili, dirishani, panapoonekana paa za mabati na mnara kwa mbali. Mwenyewe alikubali kwa masharti: simu ya Muscat ikiingia, ateremshiwe mbio.

Nayo iliingia kila usiku saa tatu, ambayo kule ni saa nne, kaka akishakula. Alipiga simu ya kawaida, na hapo data ilikatika. Laini yetu haipitishi sauti kwenye 4G. Mtu akipiga, simu hushuka kwenye mtandao wa zamani kumpokea, na katika mawe yale ilishuka mpaka 2G, ambako simu ya mazungumzo na data havikai pamoja. Mazungumzo ya kaka na mama yetu si mafupi. Huanza na maradhi, hupitia harusi, huishia kwenye kiwanja cha Bububu ambacho hakijauzwa tangu nimjue baba. Binti yetu juu akitazama duara linazunguka kwenye kioo, aliomba kwa sauti ya chini hicho kiwanja kiuzwe.

Ndipo alipoona kikapu. Dirisha lile lina kikapu cha ukili chenye kamba, kile tunachoteremshia pesa na kupandishia mkate wa boflo muuzaji anapopita. Akakitundika nje ya dirisha, akaiweka simu ndani, na vijiti vikajaa. Sijapata kuona mtandao kama ule katika nyumba hii. Fomu ikafunguka, vyeti vikaanza kupanda, asilimia ishirini, arobaini, sitini.

"Boflo! Boflo!"

Mdogo wake alikuwa ukumbini. Mtoto huyu akisikia neno boflo hafikiri, mikono yake hufikiri. Alilegeza kamba, na intaneti ikashuka ghorofa mbili hadi uchochoroni, ikabamizwa kidogo kwenye ukuta wa jirani njiani. Muuzaji akachungulia, akaona simu ya thamani badala ya pesa. Akatazama juu. Kwa ustaarabu wake hakuuliza kitu. Akaweka boflo nne juu ya simu akavuta kamba kuashiria kwamba yuko tayari. Katikati ya safari ya kupanda simu ikalia, kaka, mapema kuliko kawaida, na Bi Mkubwa aliyekuwa barazani akausikia mlio wake unapita hewani juu ya kichwa chake.

Yaliyosemwa jioni ile nayaacha. Simu haikudhurika, boflo moja iliraruka, cheti cha kidato cha nne kilikwama kwenye asilimia sitini na nne.

Suluhisho lilikuwa waya, na laiti fundi angeutaja mwanzo angetuokolea mengi, ila nadhani kila ziara yake ina malipo. Waya wa USB, uleule wa kuchajia, ukiunganisha simu na laptopu hupitisha mtandao bila Wi-Fi: hakuna neno la siri la kuuzwa kwa ubuyu, hakuna Chelsea Damu, simu haipati moto sana, na inachajiwa palepale. Kasoro ni kwamba umeme ukikatika, simu huinyonya betri ya laptopu. Na siku ya mwisho ya maombi umeme ulikatika.

Bi Mkubwa hakubabaika. Yeye alikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika, na saa mbili tatu hazihesabu. Akapandisha ngazi mwenyewe, akaketi kando ya mjukuu wake na tochi. Akamkumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulipozorota Afrika Mashariki nzima na nyumba yote ikamjia yeye kumuuliza amebonyeza nini, mpaka ikatangazwa kwamba nyaya za EASSy na Seacom zimekatika baharini huko baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hajaisahau dhulma hiyo. "Umeme walala baharini, mtandao walala baharini," alisema, "halafu mwaniuliza kwa nini nasoma dua." Betri ilikuwa na asilimia tisa fomu ilipopokelewa.

Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika namba ya simu. Binti yetu aliandika ile iliyokuwa mbele yake.

Akachaguliwa vyuo viwili, kimoja cha hapahapa, Tunguu, na kingine Dodoma. Aliyechaguliwa zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitishia anachokitaka, na namba hiyo ilikuja, bila shaka, kwenye simu ya Bi Mkubwa, iliyokuwa imerudi zamani ghorofa ya chini. Binti yetu akateremka, akatoa shikamoo, akasema vyombo ameviosha na vya kesho ataviosha. Bibi yake akavaa miwani, akamsomea tarakimu moja moja, kwa raha, mpaka ikabaki ya mwisho. Hapo akaipindua simu mapajani.

"Na Dodoma huko tuna nani?"

"Hatuna mtu, Bibi."

"Basi atakayekuwashia hotspoti nani?"