Naomba Andalio la Somo Lipewe Ajira

Mwalimu wa Kiswahili,
Shule ya Sekondari (jina limehifadhiwa),
Dumila, Kilosa.

Kwa Katibu,
Tume ya Utumishi wa Walimu,
Dodoma.

YAH: MAPENDEKEZO YA KUMWAJIRI NDUGU ANDALIO LA SOMO KUWA MWALIMU WA FASIHI

Ndugu Katibu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu naujua. Barua ya mwalimu kwenda kwako hupitia kwa mkuu wa shule, ikapanda kwa afisa elimu kata, ikapumzika halmashauri, ndipo ianze safari ya Dodoma. Hii nimeona niiache wazi. Sisi wa Dumila tuko barabarani; basi lililotoka Dar es Salaam asubuhi linasimama hapa, abiria wananunua nyanya na vitunguu dirishani bila kushuka, na kabla jua halijazama wameshafika mjini kwako. Barua zetu hupanda magari mengine.

Ninayemwombea kazi ni Ndugu Andalio la Somo. Wasifu wake ni mfupi: karatasi moja, mbele na nyuma. Juu ana jina la mwalimu, somo, darasa, tarehe, kipindi, idadi ya walioandikishwa na waliohudhuria, Ke, Me, Jumla. Chini yake mada kuu, mada ndogo, malengo, zana na rejea. Kisha jedwali lenye hatua zake: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umemshonea suti nyingine, siku hizi anatembea na umahiri mkuu na umahiri mahususi, lakini ukimtazama usoni ni yuleyule tuliyekesha naye wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Utumishi wake hauna doa. Hajawahi kuchelewa wala kuomba ruhusa ya msiba. Hadai kupandishwa daraja, hadai nauli ya likizo, haombi uhamisho wa kumfuata mwenza, na mshahara wake hauna makato ya mkopo. Wageni wakishuka kwenye gari pale shuleni hawaulizi mwalimu yuko wapi. Wanauliza andalio liko wapi. Mwalimu akiwa darasani bila andalio ana kesi ya kujibu. Andalio likiwa ofisini bila mwalimu, lina muhuri. Mtumishi wa namna hii kuendelea kukosa cheki namba ni dhuluma, Ndugu Katibu.

Tena anafundisha darasa zuri kuliko langu. Darasani kwake kila mwanafunzi amehudhuria, kila mwanafunzi ana kitabu, bango kitita limetundikwa, na utangulizi unakwisha dakika ya tano kamili. Kwangu kitabu cha tamthiliya tunacho nakala chache, moja imepoteza jalada na kurasa za mwisho, hivyo kuna kundi la watoto ambao hadithi kwao haina mwisho. Siku ya gulio madawati ya nyuma yako sokoni yanauza. Msimu wa kupalilia madawati ya kati yako shambani. Mvua ikizidi, wanaovuka mabonde wanasubiri maji yapungue. Wenyeji tunakumbuka Januari 2014, mto Mkundi ulipofurika ukavunja daraja, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika hapahapa kwetu. Malori yalisimama, mabasi yalisimama. Ndugu Andalio, nina hakika, alikuwa kwenye hatua ya kuimarisha maarifa.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi ninavyomharibia kazi. Nilikuwa nafundisha *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, tamthiliya ambayo imekaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu teule vya kidato cha tatu na nne. Unaikumbuka: Ngoswe, karani wa serikali, anatumwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na mwisho mzee Mitomingi, baba wa binti, anazitia moto karatasi za sensa. Andalio langu lilisema: ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kueleza dhamira nne kwa usahihi. Dakika themanini. Nikagawa nafasi za wahusika, wakaanza kusoma kwa sauti.

Hatukufika popote. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Samahani mwalimu, na nyie makarani wa 2022 mlikuwa mnatongoza?"

Darasa lilipasuka. Alijua anachouliza, maana sensa ya Agosti 2022 walimu wengi tulikuwa makarani, na wengine tulihesabu mitaa ya wanafunzi wetu. Kabla sijajitetea, kijana mwingine akasema kwao karani alipokuja baba yake alificha watoto wawili wa mama mdogo kwa kuogopa watapigiwa hesabu ya michango. Hapo wakagawanyika. Wapo waliosema serikali haidanganywi, ikikosea hesabu madarasa yanakosa madawati. Wapo waliouliza mbona ilihesabu vizuri na madawati hayapo. Halafu yule msichana akamtetea Mitomingi: "Binti yake kachukuliwa na mtu wa serikali, sasa achome nini, nyumba yake?" Mvulana aliyekuwa akisoma nafasi ya Ngoswe akakasirika kama aliyetukanwa yeye. Kengele ikagonga wakiwa wamesimama.

Dhamira nne hazikupatikana. Kwa kanuni za Ndugu Andalio, kipindi kile ni hasara tupu. Nilirudi ofisini nikatafuta kwenye jedwali hatua inayoitwa "wamegombana juu ya Mitomingi" na sikuiona. Katika malengo vitenzi vinavyoruhusiwa ni kutaja, kueleza, kubainisha, kufafanua, yaani vile vinavyohesabika. Kukasirika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani hakuhesabiki. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani waliyapanga malengo ya akili ngazi kwa ngazi, na kitabu chao ndicho babu wa malengo yetu. Mwaka 1964 wakatoa cha pili, kuhusu hisia: mtu anavyoguswa na jambo, anavyolithamini, anavyoishi nalo. Cha kwanza kilitufikia. Cha pili nadhani bado kiko bandarini kinasubiri kutolewa.

Mwalimu wa taaluma, ambaye ni rafiki yangu na ana watoto wa kusomesha, aliniita. "Mwalimu, hapa kwenye tathmini hujajaza." Nikamweleza yaliyotokea. Akacheka sana kwa habari ya Mitomingi, akafuta machozi, kisha akasema, "Sasa andika asilimia themanini wameelewa, tuendelee."

Hizo asilimia, Ndugu Katibu, ni kipaji kingine cha mwombaji wangu. Somo likifundishwa, asilimia themanini wameelewa. Lisipofundishwa, asilimia themanini wameelewa. Mvua ikinyesha juu ya bati hadi mwalimu hasikii sauti yake mwenyewe, ni themanini na tano, nadhani kwa sababu ya utulivu wa wanafunzi. Walimu waangalifu huijaza tathmini asubuhi, wino ukiwa bado unatoka vizuri.

Usidhani hatujapewa vitendea kazi. Serikali ilipomaliza kuhesabu watu ilivigawa kwa walimu vile vishikwambi vya sensa, na ninachoandikia barua hii ni kimojawapo. Ngoswe alikuja na makaratasi yanayoungua. Mimi nina kifaa ambacho Mitomingi angekihitajia jiwe. Kwa kifaa hiki maandalio sasa yanapatikana kwenye makundi ya simu, ya muhula mzima, kwa bei ya soda mbili. Mwenzangu mmoja alinunua, akabadili jina na tarehe, akapeleka kusainiwa. Hatua ya utangulizi ilimtaka awapeleke wanafunzi kwenye mwalo wa Ziwa Victoria wakachunguze mazingira ya wavuvi. Kutoka Dumila, dakika tano, kwenda na kurudi. Lilirudi na muhuri na maneno ya wino mwekundu: "Safi, endelea hivyohivyo." Na sasa imekuja akili unde, inayokuandikia andalio kabla chai haijapoa. Tunakaribia mahali pazuri ambapo karatasi haijaandikwa na mtu na haisomwi na mtu, na mafaili yamejaa.

Nisiwaonee wathibiti ubora. Wengi ni walimu wenzetu na wanajua yote haya kuliko mimi. Aliwahi kuja mama mmoja, akaingia darasani, badala ya kuomba andalio akaomba kitabu. Akabanana na wanafunzi kwenye dawati, akafuata mstari kwa mstari kwa kidole, na palipochekesha akacheka kwa sauti. Kipindi kilipoisha akaniita pembeni, akashusha sauti: "Umefundisha vizuri, mwanangu. Sasa nipe andalio, maana na mimi nina fomu yangu." Fomu yake nayo ina mwenzake Morogoro, na ya Morogoro bila shaka ina ndugu huko kwenu.

Katika fomu hizo zote, kuanzia yangu hadi ya mwisho, kuna swali moja ambalo sijaliona: kitabu kimesomwa? Kuna mahali pa kuandika rejea. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mwalimu ameirudia sehemu ya leo jana usiku, wala kwamba mwanafunzi ameifungua hata mara moja. Na wanafunzi si wajinga. Pale stendi kuna duka la stesheneri linalouza uchambuzi wa vitabu vyote, kurasa chache zilizobanwa pini, bei nafuu kuliko kitabu kimoja: dhamira zimeshaeleweka, wahusika wameshahukumiwa, ujumbe umeshapokelewa. Mtihani wa taifa unapotaka vitabu viwili na hoja tatu kwa kila kitabu, mtoto anatoa sita zake zikiwa zimenyooka, kumbe Mazoea hajawahi kumwona akizungumza. Anafaulu, na mimi nasifiwa kwenye kikao cha wazazi.

Asije mtu akasema nachukia maandalizi. Najiandaa, ila maandalizi yangu yako ukingoni mwa kitabu, kwa penseli. Nakala yangu ya Ngoswe ina maneno kama haya: "hapa simama, usieleze", "asome mwenye sauti nzito", "swali: nani anamdanganya nani?", "kengele ikikaribia ruka, rudi kesho". Ukurasa mmoja umeandikwa "watacheka" na darasa moja halikucheka, nikafuta, mwaka uliofuata wakacheka, nikaandika tena. Kazi hiyo inakula saa mbili za usiku. Saa mbili nyingine za usiku huohuo anazitaka Ndugu Andalio, kwa mwandiko mzuri, pamoja na azimio la kazi, shajara ya somo, na PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, unaojazwa kwa bando la mwalimu. Usiku wa Dumila ni mrefu kiasi, lakini si kiasi hicho.

Ndiyo maana naomba tugawane kazi. Ndugu Andalio aajiriwe kwa masharti ya kudumu na pensheni. Ahudhurie vikao. Apokee wageni. Ajaze PEPMIS yeye, ajitathmini, ajipe alama anazostahili. Akipatikana na kosa la nidhamu mtajua la kumfanya, ingawa mimi sijawahi kusikia andalio limepewa barua ya onyo. Huwa wanapewa waliolikosa. Mshahara wake ni rimu moja na wino, na akitaka kujiendeleza aende Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa basi la hapo barabarani.

Mimi niachiwe darasa, zile nakala chache, na penseli. Nikiruhusiwa kuongeza ombi dogo, zile kurasa za mwisho zilizochanika ningependa zipatikane kabla ya mtihani, maana kuna vijana wanaoamini kwamba sensa ya Ngoswe ilikamilika salama.

Kama Tume itaona mwombaji anafaa, usaili unaweza kufanyika shuleni kwetu siku yoyote. Atakuwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili, Dumila.

Nakala kwa:
Ubao wa matangazo, ofisi ya walimu.
Duka la stesheneri, stendi ya Dumila (watoe kopi, watu wanunue).
Mzee Ngengemkeni Mitomingi (asiichome kabla ya kuisoma).