Sifa za Kurejesha Bekapu

Wapo waliosifu vitu duni kuliko hiki. Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya pili, alimtungia nzi sifa nzima, akamtukuza kwa mbawa zake na ushujaa wake. Synesius wa Cyrene naye akausifu upara. Kwa hiyo sioni haya kusimama hapa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale malori ya mbao yanapopunguza mwendo na makondakta wanapoita "Mjini! Mjini!", nikaisifu kazi ambayo kila aliyewahi kuifanya huilaani: kurejesha programu ya barua pepe kutoka kwenye bekapu baada ya kompyuta kufa. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini huku kwetu tunakunywa ulanzi, na ulanzi una maji yake tangu kwenye mwanzi. Tusifu tu.

Sifa njema huanza na ukoo, na ukoo wa kazi hii ni umeme. Maji ya Ruaha Ndogo yanayopita Ipogolo huenda kuungana na Ruaha Mkuu, yakaingia bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya megawati 80, yakashuka Kidatu kwenye megawati 204, kisha yakamiminika Rufiji, ambako siku hizi yanakutana na bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Maji yaliyotupita hapa asubuhi yana shifti tatu za kazi mbele yake kabla hayajaiona bahari. Nani atayanyima mapumziko ya siku moja moja? Sisi tulio karibu na chanzo ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuelewa, na kwa kweli tunaeleweshwa mara kwa mara.

Chukua ofisi moja ya mbao iliyo jirani na barabara kuu. Jina lake halimfai msomaji kitu. Mwenyewe ni mzee wa makamo, anauza mbili kwa nne, mbao za kenchi na za dari kwa wateja wa Dodoma na Dar es Salaam. Oda zake, profoma, LPO na vibali vya kusafirishia mazao ya misitu vyote viliishi ndani ya kompyuta moja ya mezani, kwenye programu ya Thunderbird. Iliwekwa kwa mtindo wa zamani: barua ikishashuka kwenye mashine, seva inaifuta. Mtindo huo humpunguzia mtu gharama ya nafasi kwenye seva, na humhakikishia kwamba siku mashine ikifa, biashara haitaachwa nyuma.

Asubuhi ya Jumanne moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena kabla watu hawajamaliza kushangilia. Uliporudi safari ya pili, diski ilianza kugonga, tik, tik, tik, kisha kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukilalamika kwamba hakuna kitu cha kuwakia. Fundi akaitwa.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, fundi. Karibu. Imekufa."

"Pole sana, Mzee. Bekapu ipo?"

Mzee akainama, akaonyesha boksi jeusi chini ya meza. "Si ndiyo hii?"

"Hiyo ni UPS, Mzee. Na betri yake ilikufa zamani."

Ofisi ikanyamaza. Mhasibu akapata ghafla karatasi za kupanga. Ndipo binti wa mapokezi akasema kutoka kwenye kona yake, "Ninayo mimi, kaka. Ipo kwenye flashi yangu ya kwaya." Kila Ijumaa jioni, kwa sababu fundi wa kabla ya huyu alimwagiza hivyo na hakuna aliyemwambia aache, alikuwa ananakili folda nzima na kuiweka katikati ya nyimbo za Pasaka na za harusi.

Hapo naomba msomaji auone uadilifu wa kazi ninayoisifu. Miaka yote ofisi ile ilikuwa na ngazi zake: Mzee juu, mhasibu chini yake, kisha madalali, na mwisho kabisa binti anayetumwa chai. Swali la fundi lenye maneno mawili likaipindua ngazi yote. Hata nenosiri la akaunti alikuwa nalo yeye, maana Mzee akiulizwa alizoea kujibu, "Muulize yule." Siku ile binti hakutumwa chai. Aliletewa, pamoja na chapati. Nionyeshe semina ya utawala bora iliyowahi kufanya hayo kwa bei ya diski moja.

Wasiojua husema kurejesha ni kunakili tu. Waache waseme. Kwanza diski mpya, kisha Windows, kisha Thunderbird yenyewe, ambayo hukukaribisha kwa furaha na kukuuliza kama ungependa kuongeza akaunti, kana kwamba hamjawahi kuonana. Usiijibu. Ifunge, uingie kwenye folda zilizofichwa, AppData, halafu Roaming, mpaka ufike palipoandikwa Profiles, na humo ukute folda yenye jina la herufi na tarakimu nane zilizotupwa ovyo. Humo ndimo maisha yako yalimo. Aliyeipa jina hilo bila shaka aliogopa wezi, na amefanikiwa: hata mwenye mali haioni. Halafu unanakili, na mstari wa kijani unakwambia zimebaki dakika 4, kisha saa 2, kisha dakika 11. Tunaambiwa subira yavuta heri, lakini ni wapi pengine mtu anafundishwa subira kwa kudanganywa waziwazi namna hiyo, na bado akakaa kwenye kiti?

Nakala ikaisha. Programu ikafunguliwa. Kisanduku kikaonyesha sifuri. Mzee akaketi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mafundi hawalitoi bure, nami nalitoa. Kisanduku cha Thunderbird ni faili moja linaloitwa Inbox, lisilo hata na mkia wa jina. Barua zote zimetungwa humo moja baada ya nyingine, kama nyama kwenye kijiti cha mishikaki. Pembeni yake kuna faili dogo lenye mkia wa .msf, ambalo ni faharasa tu. Faharasa ikiharibika, kisanduku huonekana kitupu ilhali faili kubwa lina uzito wake wote. Dawa ni kuifunga programu na kuifuta hiyo faharasa. Ukiifungua tena, programu inajiandikia nyingine.

"Unafuta tena?" Mzee alishtuka.

"Nafuta ili zirudi, Mzee."

Kuna makanisa na misikiti ambako mafundisho ya namna hiyo huchukua miaka. Zikarudi, kwa mafungu, tarehe zikipanda kutoka chini: salamu za mwaka mpya za benki, bei za mbao za msimu uliopita, mialiko ya mikutano ambayo hakuna aliyehudhuria, picha ya lori lililokwama matope Mufindi ikiwa imetumwa na watu wanne tofauti. Kila picha iliyoambatishwa kwenye barua hugeuzwa kuwa maandishi ili iweze kusafiri, na huongezeka ukubwa kwa theluthi moja hivi. Lori lile kwa hiyo lilikuwa limekwama kwenye diski kwa uzito mkubwa kuliko lilivyokwama njiani.

Fundi alitaka kuhakikisha faili ni zima, akalifungua Inbox kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Na hapo kazi yetu tukufu ikaonyesha wema wake wa siri. Thunderbird haiondoi barua kwenye faili unapoifuta. Inaiwekea alama tu na kuificha machoni, mpaka folda ifinywe. Ulichokifuta mwaka juzi kwa hasira kinaweza kuwa kingali pale pale, neno kwa neno, kikikungoja. Mzee alikuta barua ya mteja mmoja wa Dodoma, ile aliyoifuta alipoona tu kwamba jamaa anaomba punguzo kwa mara nyingine. Sasa, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya, aliisoma mpaka chini. Mstari wa mwisho ulisema: kama punguzo haliwezekani, basi tumekubali bei yako, tunaomba namba ya akaunti.

Aliisoma mara ya pili. Mteja yule alishanunua kwingine, akajenga, akahamia. Nani mwingine angemfichulia Mzee habari hii? Mkaguzi wa hesabu huangalia fedha zilizoingia. Hana habari na zile zilizofukuzwa mlangoni. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kujipatia ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kulipa wakili.

Wale wanaoacha nakala kwenye seva wana neema zao nyingine, nami nawaonea wivu. Wakisahau kurejesha faili dogo linaloitwa popstate.dat, lenye kumbukumbu ya barua zilizokwisha kushushwa, programu huanza upya kwa moyo mweupe na kuzishusha tena zote zilizobaki huko. Kila barua inakuja mara mbili. Deni lililodaiwa mara mbili si madeni mawili, ila jaribu kuuambia moyo saa sita usiku.

Vijana watacheka. Watasema barua zao ziko Google, hazifi. Nawapa pole kwa raha wanayoikosa, kisha nawakumbusha Februari 2011, pale hitilafu ya programu ilipofanya barua za watumiaji wa Gmail wapatao asilimia 0.02 zitoweke. Nakala zilizokuwa kwenye mitambo mingine zilikumbwa na hitilafu ile ile. Zilirejeshwa kutoka wapi? Kutoka kwenye kanda za sumaku zilizohifadhiwa nje ya mtandao. Yaani kampuni tajiri kuliko nchi kadhaa ilifanya kile kile alichofanya binti wa mapokezi wa Ipogolo, isipokuwa kwenye kanda zao hapakuwa na kwaya. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ikanyong'onyea Tanzania nzima. Mwenye barua zake ndani ya mashine alikaa akasoma za zamani kwa utulivu, huku wenye barua mawinguni wakitazama duara linalozunguka.

Kama ni kusubiri, mkoa huu hauna wa kuufundisha. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 tangu kifo chake, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa umekwisha kuagiza lirudishwe ndani ya miezi 6. Mtu aliyezaliwa kwenye historia hiyo hatapiga kelele kwa ajili ya mstari wa kijani. Wazee wa Kihehe walikwisha kuona ahadi za muda zilizo mbaya zaidi.

Nisifiche kasoro moja ya bibi harusi. Flashi ilikuwa ya Ijumaa, na mashine ilikufa Jumanne. Barua za katikati hazikurudi, wala hazitarudi. Lakini hata hasara hii imegeuka mtaji. Hizo ndizo barua ambazo Mzee anazisimulia zaidi hadi leo. Kila oda nono ambayo hajaipata maishani ilikuwa humo: shule nzima ilitaka kuezekwa, mkandarasi wa barabara alitaka nguzo, kuna mtu wa Muscat aliulizia mbao za milango. Ukimuuliza kwa nini mteja fulani hajajibiwa, anatikisa kichwa na kusema, "Ilikuwa kwenye zile za Jumatatu." Wateja wamepoa, watu wa madeni wamepewa sababu inayoeleweka, na heshima ya biashara imepanda kwa mali isiyohitaji ghala. Nijuavyo mimi, hakuna mfanyabiashara wa Ipogolo aliyewahi kupata faida kubwa hivyo kwa siku nne za barua.

Duniani kuna hata siku ya kuadhimisha bekapu, tarehe 31 Machi, mkesha wa Siku ya Wajinga. Walioipanga walijua watu wao.

Basi, msomaji mwenzangu, ikifika Ijumaa jioni, chomeka flashi unakili ile folda yenye jina la ovyo, na siku moja moja ijaribu kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka. Au usichomeke. Fundi yupo hapa Ipogolo, ana watoto wawili sekondari, anafungua saa mbili asubuhi, na anadai nusu ya malipo kabla hajagusa skrubu.