Alhaji, Umekalia Mkaa?

Ijumaa iliyopita, hapo Magomeni, baba mkwe aliteremka kwenye gari langu akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mgongoni mwa kanzu hiyo, kuanzia mabegani mpaka chini ya mapaja, ramani nyeusi ya kiti changu. Yeye hakujua. Mimi nilijua, lakini niambieni: mkwe gani anampangusa baba mkwe makalio mbele ya msikiti, adhana imeshatoka? Nikanyamaza. Mzee akapenya katikati ya watu mpaka safu ya kwanza, mahali pake pa miaka yote.

Sasa, mwenye kuswali huelekeza macho pale atakaposujudu, na aliye safu ya pili husujudu nyuma tu ya visigino vya safu ya kwanza. Kwa hiyo hakuna aliyekosa adabu kwa kuona. Mzee alipoinama kwenye rukuu, magamba yakaanza kudondoka. Moja lilitua mahali ambapo jirani yangu alikuwa karibu kuweka paji la uso, naye akainuka na sijida ambayo hakuifanyia kazi.

Baada ya salamu, rika lake mmoja akamshika mkono kwa upole: "Alhaji, umekalia mkaa?"

"Sijakalia mkaa," mzee akajibu, na sauti yake haikuwa ndogo. "Nimekalia gari la mkwe wangu."

Kurudi alipanda bajaji.

Kava zile za viti niliuziwa kama leza orijino, "hii utamrithisha mtoto, kaka." Nimezikagua kwa makini kuliko nilivyowahi kukagua kitu chochote, na nakiri zinashangaza. Chini ni kitambaa cha poliesta. Juu yake kumepakwa utando mwembamba wa plastiki iitwayo poliyurethani, ukagandamizwa kwa moto uote vinyweleo vya ng'ombe ambaye hajawahi kuzaliwa. Adui wa utando huo ni maji. Hayahitaji kumwagika: unyevu wa hewa unatosha, na jasho la mgongo ni karamu. Maji hukatakata minyororo ya molekuli polepole, joto likiyaharakisha, mpaka siku moja utando unaachia kitambaa kama utandu wa maziwa. Ndiyo maana hata kiti cha nyuma kisichokaliwa na mtu hubanduka. Hakikuchoka kwa kazi, kimeoza kimekaa. Na gari lililofungwa vioo juani hupita nyuzi 50 za Selsiasi bila taabu. Ukiacha jiji lenye jua na unyevu kama Dar es Salaam, sijui tungeitafutia leza hii mahali gani pabaya zaidi.

Zile za PVC hufa kifo kingine. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu, na jua huyafukuza mafuta hayo polepole. Ule ukungu wa utelezi unaoufuta kila mara kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, sehemu yake ni ulaini wa viti vyako unaohama. Ukishaisha, kiti kinapasuka.

Kupasuka huanzia ubavuni. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, ni ubavu wa kulia wa kiti cha dereva, kwa sababu dereva hashuki, anajiburuza, na rivet za jinzi zinakwangua pamoja naye. Mnunuzi mjanja wa gari kuukuu hutazama hapo kabla ya kutazama dashibodi: kilomita hurudishwa nyuma, ubavu wa kiti haurudi.

Nilijaribu gundi ya viatu; ilishika suruali. Mke wangu alitandika khanga. Kwenye breki ya kwanza ikateleza na aliyekuwa juu yake.

Basi nikaenda kwa fundi, na mkono wake sina ubishi nao. Alikata vipete vya chuma vinavyoshikilia kava, akafumua ile ya zamani kipande kwa kipande kuitumia kama ramani, akabandika sponji nzito pale ilipobonyea, akashona kwa uzi wa nailoni. Akauvuta mshono wa ubavuni mbele yangu, akacheka: "Huu hata trekta haliufumui."

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Ubavuni mwa kiti changu mna mfuko wa hewa, na gari likigongwa pembeni unatakiwa kupasua mshono ule ule na kutoka kufumba na kufumbua. Kiwandani huushona makusudi kwa namna ya kuachia. Nikamuuliza kuhusu kilebo kilichotaja mfuko huo. Alikikata, kilikuwa kinaharibu umbo. Nikakiona sakafuni chini ya cherehani.

Simlaumu yeye. Nani amewahi kumwambia? Pakiti ya biskuti ya mtoto inaorodhesha mpaka chumvi. Kava inayofunika kifaa cha kuokoa mbavu zangu inauzwa ndani ya nailoni tupu, imeandikwa "Deluxe", na kuanzia bandarini mpaka dukani hakuna aliyeniambia imetengenezwa kwa nini, itadumu muda gani, au haipaswi kuvishwa kiti gani.

Nikamwomba aufumue ule mshono na aushone upya kwa uzi mwembamba. Akatafakari.

"Kufumua ni bei nyingine, bosi," akasema. "Maana huo nimeukaza kweli."