Kesi ya Hondohondo wa Litipo

Msimu wa mabibo, njia nzima ya kwenda Rutamba ikinuka uchachu, Hondohondo mmoja wa msitu wa Litipo alimshitaki mkewe kwa uchawi.

Baraza lilikaa kando ya ziwa, chini ya mkorosho. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, si kwa busara, ila kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumwambia apishe. Karani alikuwa Kobe, mzee aliyewaona wakimbizi wa Msumbiji wakiwasili hapa miaka ya 1960, na ambaye muhtasari wa kikao cha siku ile hajaumaliza hadi leo. Upande wa mke alisimama mjomba wake, maana huku kwa Wamwera ukoo hufuata kwa mama, na bwana harusi ndiye anayekunja mkeka wake kuhamia ukweni. Huyu mshitaki alitoka Rondo. Ana miaka sita hapo ukweni, na wakwe wanamwita bado "yule wa Rondo".

Kwa msomaji wa mjini, ndoa ya hondohondo iko hivi. Mke akipata shimo kwenye mti mkubwa huingia, akauziba mlango kwa matope anayoletewa na mumewe, akichanganya na kinyesi chake mwenyewe, mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo hulalia mayai na kulea, karibu miezi mitatu. Mume kazi yake ni chakula: hujaza matunda kooni, akifika huyacheua moja moja na kuyapitisha ufani. Hayo hakuna aliyeyapinga.

"Waheshimiwa," alianza Hondohondo, "huyu mwanamke nje haoni. Matope ya ukuta ule nimeyaleta mimi. Lakini jambo likitokea Rutamba analijua kabla yangu, na anayeruka ni mimi! Juzi nimefika na tini kumi na nane, nimezihesabu. Nimempa ya tisa tu, akaniuliza, 'Baba Nanihii, leo bao nani kafungwa?'"

Waume wote wakaguna.

"Na wewe ulimwambia umetoka wapi?" aliuliza Mjomba.

"Mtama. Kutafuta tini."

"Na ulitoka wapi?"

Hondohondo akaomba aendelee na shitaka la pili. Hilo lilihusu neno "chochote". Kila asubuhi, alisema, humwuliza mkewe amletee nini, na mke hujibu, "Chochote." Akileta tini, anaambiwa, "Tini tena?" Akileta zambarau, anaambiwa, "Hata tini zimekushinda?" Baraza likamwita Kima, ambaye hakuna mti wa Litipo hajauparamia wala tunda hajaliiba. Kima akaapa kwamba tunda liitwalo chochote hajawahi kulionja. Hata Mjomba, aliyekuja kumtetea mpwa wake, alikohoa kidogo na kukiri kuwa ana miaka thelathini kwenye ndoa, msitu anaujua mti kwa mti, na mchochote hajauona.

Mnana naye akataka kusema yake. Yeye hufuma kiota kizima peke yake, mke huja kukagua, huvutavuta nyuzi, kisha huondoka. Msimu huu ameshafumua viota vitatu. "Nikimwuliza kasoro iko wapi, anasema hakuna." Akaambiwa afungue kesi yake. Pembeni, juu ya majani ya yungiyungi, alikuwapo yule ndege wa vidole virefu ambaye mkewe ana waume wengine watatu, naye ndiye anayelalia mayai. Alipoulizwa kama ana lalamiko alisema hana, ila wapunguze sauti, mayai yamelala.

Ikaamuliwa baraza lihamie kwenye mti wa mshitakiwa.

"Shikamoo, Mjomba," sauti ilitoka ufani kabla hawajabisha hodi.

"Marahaba, mwanangu. Unashitakiwa uchawi."

"Na nani?"

"Na mumeo."

"Kama ni yeye, ngojeni kidogo."

Pakasikika mkwaruzo ndani. Ikatoka ncha ya mdomo, imeshika kokwa moja iliyokauka, ikaidondosha miguuni pa Kobe. Ikafuata ganda la tini.

"Mjomba, papasa hilo ganda. Lina mchanga. Tini ya Mtama huchumwa mtini, haina mchanga. Hii imeokotwa chini ya mtini wa kijiweni, pale wanapochezea bao. Hiyo nyingine nilipewa kama tini ya tisa. Inuse."

Mjomba akainusa. Kiboko naye akanusa, akafumba macho kama aliyekumbuka jambo. Ilikuwa korosho, na nyama ya bibo imeigandia, imechacha, inanuka uraka mtupu.

Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, watu wa huku wamezoea kumwona mpima ubora akipasua korosho chache na kulitaja gunia zima daraja lake. Huyu mama alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo kwenye koo la mumewe, siku zote, bila mizani na bila posho.

"Sasa na mimi nina swali," aliendelea. "Wiki iliyopita nilimtuma Nyangao kwa dada yangu. Alirudi na habari gani?"

"Nilirudi nayo!" Hondohondo akachangamka. "Nilikwambia: ametotoa."

"Wangapi?"

Kimya.

"Wanafananaje?"

"Wana... midomo."

"Ulikaa muda gani?"

"Kutwa. Nilikuwa na mwanyumba wangu."

"Mliongea nini kutwa?"

"Namungo," alisema Hondohondo kwa sauti ndogo, na hapo akina mama wote waliokuwa matawini waliangua kicheko, kwa sababu kila mmoja wao ana mume anayeweza kukusimulia mechi kwa mechi jinsi Namungo ilivyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, lakini ukimtuma msibani anarudi hajui marehemu aliumwa nini.

Kobe, ambaye hacheki haraka, akauliza taratibu, "Mama, na wewe. Ukitaka zambarau, kwa nini usiseme zambarau?"

Ndani ya mti pakatulia. Kisha: "Angekuwa ananijali, angejua."

Kobe akaandika, akafuta, akaandika tena. Hapa mimi niko upande wa Hondohondo moja kwa moja, japo nyumbani kwangu neno hili silirudii.

Waheshimiwa wakajitenga kushauriana. Wakatumia saa mbili, na nusu ya muda huo ilikwenda kwenye bei ya mnada. Wakarudi na uamuzi kwamba uchawi haukuthibitika, na shitaka la "chochote" liahirishwe mpaka mvua zipite. Hondohondo akaruka kuelekea Nyangao bila kuagizwa.

Jioni Kiboko aliteremka majini amechoka, akamkuta mkewe kaegemea matete.

"Mmeshinda kule kwa mama Hondohondo?"

"Tangu asubuhi. Kesi nzito."

"Hajambo lakini? Amelalia mayai mangapi?"

Kiboko akatazama ng'ambo ya ziwa. Kisha akavuta pumzi, akazama, na juu ya maji yakabaki mapovu tu.