Mengineyo

Dar es Salaam hakuna mtu aliyekosa wazo la biashara. Aliyekosa mtaji yupo, aliyekosa eneo yupo, na aliyekosa nauli ya kwenda kutafuta eneo yupo pia. Lakini wazo kila mtu analo, na analo kwa ajili yako. Jisahau tu useme ndani ya daladala kwamba kazi imeisha. Kabla hamjafika Buguruni utakuwa umeshapangiwa cha kufuga, cha kulima na pa kuuzia, na abiria wa siti ya mbele atageuka kukuongezea kwamba bamia ndiyo habari ya mjini, shemeji yake amejenga kwa bamia. Ukimuuliza yeye mwenyewe analima nini, atakwambia yeye ni mlinzi.

Kampuni iliyokuwa imeniajiri ilipofunga ofisi, nilitoka na boksi la vikorokoro vya mezani, barua ya kunitakia kila la heri, na mafao ambayo kiasi chake ndugu zangu walikijua kabla yangu. Nikatangaza nyumbani kwamba sitafuti tena kazi, najiajiri. Mke wangu akauliza, "Unajiajiri kwenye nini?" Swali lile lilinikera sana kwa sababu lilikuwa la msingi.

Mawazo yakamiminika. Kila wazo lilikuja na ushuhuda wake, ila shahidi mwenyewe hapatikani. Aliyevuna matikiti akanunua gari alikuwa Mkuranga, ndani ndani huko ambako simu haishiki. Aliyetajirika kwa bodaboda tatu alikuwa amebadili namba. Nikayachunguza matikiti: yanakomaa ndani ya miezi mitatu hivi, jambo jema, isipokuwa ya jirani nayo yanakomaa ndani ya miezi mitatu hiyo hiyo, mnakutana nyote sokoni siku moja mkiangaliana. Kuhusu bodaboda nilimpata mmiliki aliye hai. Akaniambia kijana wake ni mwaminifu, hajawahi kukosa kuja jioni. Tatizo ni kwamba badala ya hesabu huleta maelezo.

Kware hakuna aliyethubutu kunitajia, maana wengi tunakumbuka. Mwaka 2013 na 2014 upepo wa kware ulivuma Kenya ukavuka mpaka. Yai dogo lile lenye madoa lilisemekana linatibu shinikizo la damu, sukari, pumu, na mengine ambayo wanaume waliambiana kwa sauti ya chini. Kule Kenya ilibidi mfugaji awe na kibali cha mamlaka ya wanyamapori, kwa kuwa sheria ilimhesabu kware kama ndege wa porini, na watu walikifuata hicho kibali. Biashara ilienda vizuri mno kwa muda, kwani mnunuzi mkubwa wa mayai na vifaranga alikuwa mtu anayetaka kuanza kufuga kware. Siku ambayo kila mtu alikuwa ameshaanza, mnunuzi akaisha. Mwenzangu mmoja kazini alibaki na banda zima. Mayai yale waliyala nyumbani kwake asubuhi, mchana na jioni, na hadi leo watoto wake wakiona yai dogo wanaaga meza.

Mimi nikachagua kuku wa nyama. Mji huu unakula chipsi kuku usiku na mchana, nikasema hapa hakuna upepo, hapa kuna njaa. Nikaenda steshenari kuandikiwa mchanganuo wa biashara. Kijana wa pale alikuwa nao tayari kwenye kompyuta, kazi yake ilikuwa kubadilisha jina la mwombaji na jina la mfugo. Ulikuwa mchanganuo mzuri, umepigwa mhuri wa rangi, na nilikuwa nimeshaulipia nilipogundua kwamba ulitoka kwa mfugaji wa samaki, na kwamba ukurasa wa tatu kuku wangu walikuwa bado wanavuliwa kwa nyavu.

Lakini hesabu zake zilipendeza. Vifaranga 200, wiki tano, kila mmoja 7,000, faida irudi bandani. Awamu ya pili 500, ya tatu 1,000, na kufika ukurasa wa sita nilikuwa nasafirisha kuku Comoro. Kuku wa kwenye mchanganuo ni kiumbe wa ajabu. Haugui, hafi, hali gramu moja zaidi ya alizopangiwa, na siku anapofikisha uzito mnunuzi yuko mlangoni ameshika fedha taslimu. Chini kabisa, baada ya chakula, chanjo na maranda, palikuwa na mstari mmoja ambao sikuusoma mara mbili: Mengineyo, 50,000.

Vifaranga walifika kabla ya banda. Fundi alikuwa amepatwa na msiba, wa pili tangu nimpe advansi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, hali ambayo nyumbani kwangu Kivule ilipatikana mahali pamoja tu, sebuleni, ukifunga madirisha na kuweka jiko la mkaa. Makochi yakatoka barazani, kuku wakaingia sebuleni. Tena kuku wa nyama hulala taa ikiwaka, maana gizani hali, na asipokula haongezeki. LUKU ilikuwa inashuka huku naiangalia. Ikabidi tuzime taa za vyumbani ili kufidia, na watoto wakawa wanafanyia kazi za shule katikati ya vifaranga kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye mwanga. Mkaa ule, ule umeme, na daftari la hesabu lililodonolewa pembe zote, nilipouliza kwenye mchanganuo vinaingia wapi, jibu lilikuwa lile lile: Mengineyo.

Siku ya 7 ni chanjo ya mdondo, siku ya 14 Gumboro. Chanjo yenyewe hutiwa kwenye maji ya kunywa, na maji ya bomba yenye klorini huiua, kwa hiyo mtaalamu wa duka la mifugo akaniambia nichanganye na maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Pia kuku wanyimwe maji kwanza ili wakiyapata wanywe kwa pupa. Nikafuata maelekezo yote. Ndivyo watoto wangu, ambao tangu mafao yaanze kupungua walikuwa wanakunywa chai ya rangi, walivyotoka chumbani asubuhi wakamkuta baba yao amepiga magoti sebuleni anawakorogea kuku maziwa. Mdogo akauliza kama na wao wanaweza kuchanjwa.

Hapo ndipo mgeni wa kwanza wa Mengineyo alipobisha hodi kwa sauti. Mjumbe alifika na malalamiko ya majirani kuhusu harufu, akakaa, akaeleza kwa upole kwamba yeye binafsi hana tatizo na kuku, na kwamba mkewe anawapenda sana wakishaiva. Kisha shangazi akafiwa na jirani yake, siyo ndugu, jirani, na familia ikaamua kwamba mchango wangu usiwe fedha, kwa nini mtu mwenye kuku asumbuke na fedha. Mama mkwe akapiga simu kutoka Morogoro kuuliza hali ya kuku, mmoja mmoja.

Bado nilikuwa na matumaini, kwa sababu nilikuwa sijauza. Sasa hapa niseme jambo ambalo mchanganuo wa samaki usingeweza kulijua. Nilitaka vifaranga katikati ya Novemba ili wakomae kwa sikukuu. Kumbe kila mfugaji wa mji huu anajua Krismasi ni lini. Oda zilikuwa zimejaa, na mimi nilipata wangu katikati ya Desemba, kwa urahisi kabisa, hata nikashangaa kwa nini hakuna foleni. Ukihesabu wiki tano kutoka hapo unaangukia Januari, ile Januari ya ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba, mwezi ambao mkazi wa Dar es Salaam hupita mbele ya kibanda cha chipsi ameangalia upande wa pili wa barabara.

Kila niliyempigia aliniuliza swali moja, "Kaka, Januari hii?" Kuku wao walikuwa hawana habari na Januari. Walikomaa siku waliyopangiwa, wakafikisha uzito, wakaendelea kula. Kuku 200 wa umri huo hufyeka zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50 kwa siku, na hizo siku za ziada ndizo zinazokula faida yote ya zile wiki tano. Nilikuwa nikisimama mlangoni usiku, taa inawaka, nasikia midomo inagonga vyombo, na kila ikigonga nahesabu shilingi inayoondoka.

Wateja walipoanza kupatikana walikuja na masharti. Muuza chipsi alitaka kuku awe amechinjwa na kunyonyolewa. Mwingine alitaka kujua kachinja nani, swali la haki, nami nikawa nimeshamwomba jirani yangu ustaadhi anisaidie. Ujira wake ulikuwa fedha kidogo pamoja na firigisi, na firigisi ilimpendeza kiasi kwamba alikuwa anakuja kuuliza kama leo hakuna cha kuchinja. Majirani walinunua kwa bei ya ujirani. Mmoja alichukua kumi akasema atanirushia jioni. Jioni ya lini hakusema, na kila nikimpigia mtandao unakuwa chini, upande wake.

Kuku wakipungua, kilichobaki kinaongezeka. Ndani ya mstari ule wa Mengineyo, kijana wa steshenari alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: kutupa uchafu wa banda. Nilikuwa nimetenga fedha za kumlipa mtu auondoe. Maranda na kinyesi, magunia yameegemea ukuta, na mjumbe akaja tena, safari hii bila kukaa. Asubuhi moja akafika mzee mwenye mkokoteni, analima mchicha bondeni, akachomeka kijiti kwenye gunia, akanusa, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyeonjeshwa pilau ya harusini. Akataja bei ya gunia. Mimi nikanyamaza kwa mshangao, yeye akadhani sijaridhika, akaongeza. Akalipa noti mkononi, zote, akaniuliza mengine yatatoka lini.

Huyo ndiye mtu wa kwanza katika biashara yangu aliyelipa siku ileile, aliyepandisha bei mwenyewe, na ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote ninayemfahamu.

Sikuagiza vifaranga tena. Nilianza kuzunguka Kivule, Kitunda hadi Chanika, kwenye mabanda ya watu wenye michanganuo. Wafugaji walinipokea vizuri, wengine walinipa chai, na mmoja ambaye majirani walikuwa wamemfikisha kwa mtendaji alinilipa mimi ili nimwondolee. Gunia likawa linanilipa linapotoka na linapofika. Wakulima wa mchicha ni watu wakimya, wanajua wanachotaka, na hawaniulizi kachinja nani.

Usafiri ndio uliosumbua, nikafikiria mkopo. Zile asilimia 10 za mapato ya ndani zinazotengwa na halmashauri kwa mikopo zimegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikajitazama kwenye kioo kutafuta ninapoingia. Nyumba nzima mwenye sifa alikuwa mke wangu. Kikundi chake na wenzake kikapata mkopo, wakanunua guta, na sasa mimi niliyejiajiri ninakodi guta la kikundi cha mke wangu. Kila jioni napeleka hesabu. Siku nyingine napeleka maelezo.

Heshima ya kazi hii inategemea anayeulizwa. TIN nilipata, haina malipo, na fomu imeandika mbolea, hakuna aibu. Jina la biashara ndilo lililonipa taabu, maana majina yote yenye Baraka, Neema na Mkombozi watu walishayachukua, na nililolipata limebaki refu kuliko guta. Mama mkwe ameambiwa nauza pembejeo za kilimo na amewaambia Morogoro nzima. Ila shuleni mwalimu aliuliza darasa wazazi wao wanafanya kazi gani, na mwanangu mdogo, yule wa chanjo, akasimama akajibu kwa sauti safi, "Baba anauza mavi ya kuku." Niliitwa shuleni. Nikaenda nikiwa na majibu yangu. Mwalimu alifunga mlango, akaniuliza kama naweza kumletea magunia mawili, ana bustani nyuma ya nyumba.

Juzi mpwa wangu amekuja, amemaliza chuo, ameniamkia vizuri, ameketi na bahasha. "Mjomba, nimepata wazo." Sungura. Mchanganuo ulikuwa umepigwa mhuri ule ule wa rangi, nikaujua kabla sijaufungua. Ukurasa wa pili sungura 40, ukurasa wa sita Comoro. Ukurasa wa nne walikuwa wanaanza kutaga wiki ya 20. Nikapitiliza hadi chini kabisa.

"Mkojo umeuweka wapi?"

"Mkojo gani, mjomba?"

"Wa sungura. Watu wa bustani wanaupuliza kwenye mboga."

Akaichukua karatasi, akaisoma kuanzia juu, akairudisha. "Nadhani uko kwenye Mengineyo. Lakini mjomba, mimi nauza nyama."

"Nyama utapanga mwenyewe," nikamwambia. "Mkojo niwekee kwenye madumu ya lita 20, na yawe na vifuniko vyake. Guta lina mwenyewe."